Fuata njia ya maji: bima ya nyumba na majanga ya asili Mombasa

SWALI

"Nyumba yangu iko Kiembeni. Niliijenga kwa mkopo, na kila mwaka benki hunikata fedha za bima. Novemba 2023, mvua ilipopiga mfululizo, maji yaliingia ndani mpaka magotini. Magodoro, friji na makabati ya jikoni yote yakaharibika. Nilipokwenda benki niliambiwa bima ile haihusiani na hasara yangu. Sasa nataka kukata bima mwenyewe kabla ya masika. Je, bima ya nyumba hulipa mafuriko, dhoruba, tetemeko la ardhi na bahari inapopanda, ama ni moto peke yake? Na bibi yangu wa Majengo, ambaye nyumba ni yake lakini ardhi si yake, naye anaweza kukata bima?"
Mama wa watoto watatu, Kiembeni

JIBU

Dada yangu, pole sana kwa yaliyokufika. Nimefanya kazi ya kukadiria hasara za bima hapa Mombasa kwa miaka mingi, na maswali kama yako hunifikia kila mvua kubwa inapopita, karibu yote kutoka kwa watu ambao hasara imekwisha kuwapata na hati walizonazo haziwezi tena kubadilishwa. Wewe umeuliza kabla ya masika, kwa hiyo kila nitakalokueleza hapa bado unaweza kulifanyia kazi.

Jibu fupi ni ndiyo. Mafuriko, dhoruba, radi, tetemeko la ardhi na hata bahari kufurika huweza kuingizwa katika bima ya nyumba nchini Kenya, na kampuni nyingi huvijumuisha katika bima ya makazi. Lakini kampuni hailipi kwa sababu vitu vyako vimelowa. Inalipa pale chanzo cha kulowa kwake kinapokuwa kimetajwa katika hati yako, na hakuna kifungu kingine cha hati hiyo hiyo kinachokitenga. Watu wengi huisoma hati wakitafuta majina ya mali zao, yaani nyumba, friji na televisheni, ilhali linalopaswa kutafutwa kwanza ni jina la chanzo. Maji ni maji tu kwa macho ya mwenye nyumba aliyesimama ndani yake, lakini kwa macho ya mkadiriaji yamepitia mahali fulani kabla ya kufika sebuleni, na njia hiyo ndiyo itakayoamua kama fidia italipwa au la.

Tuanze na benki, kwa kuwa hapo ndipo ulipoumizwa. Mtu anayejenga kwa mkopo huweza kuwa anakatwa fedha za bima za aina mbili, na mara nyingi zote mbili huitwa kwa jina moja la "bima ya benki". Ya kwanza ni bima ya mkopo, ambayo hulipa deni lililobaki endapo mkopaji atafariki. Hii haina uhusiano wowote na jengo, wala na mvua. Ya pili ni bima ya jengo lenyewe, ambayo benki huitaka kwa sababu nyumba hiyo ndiyo dhamana yake. Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mwenye nyumba kukata bima ya nyumba yake ya kuishi, kama ilivyo kwa gari barabarani. Ni mkataba wako wa mkopo ndio unaokulazimisha.

Bima ya jengo nayo ina sura mbili. Ile ya msingi, iitwayo bima ya moto, hulipa moto, radi na aina fulani ya mlipuko, na inakomea hapo. Sura ya pili ni bima ya moto iliyoongezewa hatari nyingine, zikiwemo mafuriko, dhoruba, tetemeko la ardhi, kupasuka kwa matangi na mabomba, ghasia, na kugongwa na gari. Nyongeza hizo huandikwa moja baada ya nyingine katika jedwali la hati, na ile ambayo haikuandikwa haimo, hata kama wakala alikwambia kwa mdomo kwamba "kila kitu kimo". Tena, hata sura hii ya pili kwa kawaida hulinda kuta, paa, sakafu, milango na vitu vilivyojengewa humo. Magodoro na friji si mali ambayo benki imeikopesha, kwa hiyo benki haikuwa na sababu ya kuyakatia bima. Inawezekana basi kwamba ulichoambiwa kuhusu friji na magodoro kilikuwa sahihi, lakini makabati ya jikoni, ikiwa yamejengewa ukutani, pamoja na rangi, plasta na milango iliyovimba, ni sehemu ya jengo, na ilifaa yaangaliwe peke yake. Iandikie benki uombe nakala ya hati pamoja na jedwali lake, na usikubali kupewa risiti ya makato badala ya hati. Malipo ni yako, na una haki ya kuona umelipia nini. Ukikuta mafuriko yaliorodheshwa tangu wakati ule, uliza kwa maandishi ni kwa nini hasara ya jengo haikupelekwa kwa kampuni ya bima, ingawa muda uliopita huenda ukawa kikwazo, kwa kuwa hati karibu zote hudai taarifa itolewe mapema.

Bima unayoihitaji wewe ni ile ambayo mawakala huiita bima ya makazi, au pakeji ya nyumbani. Imegawanywa katika sehemu. Moja ni ya jengo, nyingine ya vitu vya ndani, nyingine ya vitu unavyotoka navyo kama kompyuta ya mkononi na vito, nyingine ya mfanyakazi wa nyumbani akiumia kazini, na nyingine ya madai ya watu wengine dhidi yako. Unaweza kuchukua baadhi ya sehemu na kuacha nyingine. Kwa kuwa jengo lako tayari lina bima kupitia benki, usilikatie bima mara ya pili bila kuwaarifu wote wawili, kwani hutalipwa mara mbili kwa hasara moja; kampuni hizo zitagawana fidia, na wewe utakuwa umelipa ada mbili bure. Njia iliyo nafuu ni kuiomba benki iongeze mafuriko na dhoruba katika bima ya jengo kama hayamo, kisha wewe ukate bima ya vitu vya ndani peke yako. Mpangaji naye, hata asiyemiliki tofali moja, anaweza kukata hiyo hiyo ya vitu vya ndani.

Sasa nirudi kwenye njia ya maji, maana hapa ndipo madai mengi ya Mombasa yanapoanguka. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kwenye nyumba moja Mtopanga, siku mbili baada ya mvua ya usiku kucha. Sebuleni palikuwa na mstari wa tope ukutani, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, sentimita 40 kutoka sakafuni. Nikatoka nje nikapima ukuta wa mbele, na mstari wa tope ulikuwa pale pale, kwa kimo kile kile. Hayo ni mafuriko yasiyohitaji shahidi. Kisha mwenye nyumba akanipeleka chumba cha kulala, ambako dari ya mbao nyembamba ilikuwa imeporomoka juu ya kitanda. Nilipomulika vipande vya dari ile niliona madoa ya kahawia, duara ndani ya duara, kila moja likiwa alama ya mvua ya wakati wake. Nilipopanda juu nikakuta mabati yameliwa na kutu kuzunguka misumari mpaka kidole kinapita. Mvua ya usiku ule ndiyo iliyoimaliza dari ile, lakini maji yalikuwa yakipita pale kwa misimu mingi. Sebule ililipwa, chumba hakikulipwa. Yule mzee alihisi amedhulumiwa, na mimi sikufurahi kuandika ripoti ile, lakini hati zote za bima hutenga uchakavu, kutu, kuoza na kasoro za ujenzi. Hapa pwani, ambapo upepo wa chumvi hula bati kwa kasi kuliko bara, kifungu hicho kinamgusa karibu kila mwenye paa la mabati.

Dhoruba kwa hiyo hulipwa pale upepo wenyewe unapofungua njia, kwa mfano unapong'oa bati au kuvunja dirisha, na mvua ikaingia kwa tundu hilo. Maji yaliyojikusanya nje yakaingia mlangoni ni mafuriko. Tangi la plastiki lililopasuka juu ya dari, jambo la kawaida katika mji ambao karibu kila nyumba huhifadhi maji kwa sababu ya mgao, huangukia kifungu cha kupasuka kwa matangi na mabomba, ingawa tangi lenyewe huenda lisilipwe. Unyevu unaopanda kutoka ardhini na kubambua rangi taratibu haulipwi. Maji machafu yanayorudi kupitia choo kwa sababu shimo limejaa ni mahali pagumu zaidi, kwa kuwa baadhi ya hati huyahesabu kuwa mafuriko ikiwa yalisukumwa na mafuriko ya nje, na nyingine huyatenga kabisa. Wewe uliye Kiembeni, ambako nyumba nyingi hutegemea mashimo badala ya mabomba ya maji taka ya mji, uliza swali hilo kabla ya kulipa na utake jibu la maandishi.

Uliza vilevile kuhusu ukuta wa ua na geti. Katika hati nyingi, dhoruba na mafuriko hulipa jengo lakini hutenga kuta za ua, mageti na senyenge, na mtu aliyejenga ukuta mrefu wa mawe ya matumbawe hushangaa maji yanapousukuma ukalala barabarani na hakuna anayeulipia. Banda la makuti nalo ulitaje mapema hata kama ni la kupumzikia tu uani. Kampuni hupanga majengo kwa vifaa vyake. Ukuta wa mawe na paa la vigae, bati au zege ni daraja la kawaida, lakini makuti huongeza hatari ya moto, na paa lake likiwa karibu na nyumba huathiri ada ya nyumba nzima. Anayeficha makuti huweza kukosa fidia ya jengo lote.

Umeuliza habari za bahari. Watu wa hapa wanajua kwamba mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, mitaro inayomwaga maji baharini hukosa pa kumwaga, maji yakasimama mitaani mpaka bahari ipwe. Hayo bado ni mafuriko kwa mujibu wa hati nyingi, na bahari yenyewe kufurika mara nyingi hutajwa pamoja na dhoruba na mafuriko. Kisicholipwa ni bahari kula ardhi kidogo kidogo. Mwamba wa matumbawe chini ya Ngome ya Yesu ulilika na mawimbi mpaka ikabidi ujengwe ukuta wa kuikinga, na mmomonyoko wa namna hiyo, kama ungekuwa chini ya nyumba ya mtu, usingelipwa na bima ya makazi, kwa sababu si tukio la ghafla. Ardhi kudidimia na maporomoko pia hutengwa katika hati nyingi, au huongezwa kwa ada maalumu, na aliyejenga kwenye mteremko, kama sehemu za Mikindani zinazoelekea mkono wa bahari, anapaswa kuliuliza jambo hili kabla ya jingine lolote.

Kuhusu tetemeko la ardhi, kwa kawaida limo, na Mombasa si mahali pake hasa. Tetemeko kubwa zaidi lililorekodiwa Kenya lilikuwa la Subukia, tarehe 6 Januari 1928, mbali na sisi, ingawa mtikisiko wa Agosti 2020 uliotokea baharini karibu na Tanzania ulisikika mpaka hapa. Mawimbi ya tsunami ya 26 Desemba 2004 yalifika pwani yetu siku ile ile, yakitokana na tetemeko la mbali sana, karibu na Sumatra. Tukio kama hilo huleta swali la chanzo: je, nyumba iliharibiwa na tetemeko, au na bahari kufurika? Ikiwa vyote viwili vimeandikwa katika jedwali lako, swali hilo halitakudhuru; ikiwa kimoja tu, linaweza kukugharimu nyumba. Vimbunga kamili havitufikii kwa urahisi kwa sababu tuko karibu mno na ikweta, lakini Kimbunga Hidaya, kilichotua Kisiwa cha Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, kilituonyesha kwamba si jambo la kupuuzwa.

Nije sasa kwenye jambo linalokuhusu wewe zaidi ya mengine yote, nalo ni kwamba nyumba yako imekwisha kuingia maji. Fomu ya maombi itakuuliza kama umewahi kupata hasara ya mafuriko, iwe ulilipwa au hukulipwa. Utaona kishawishi cha kuandika hapana, na huenda hata wakala akakushauri hivyo ili kazi iende upesi. Usikubali hata kidogo. Bima imejengwa juu ya nia njema kabisa baina ya pande mbili, na mwenye kuomba anawajibika kueleza kila jambo muhimu analolijua. Ukificha, kampuni itapokea ada zako mwaka baada ya mwaka bila neno. Siku utakapodai, mkadiriaji kama mimi atafika, atazungumza na majirani, ataona alama ya zamani chini ya rangi mpya, na kampuni itakuwa na haki ya kuifuta hati. Nimeona familia ikipoteza fidia ya moto, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na maji, kwa sababu fomu yao ilikuwa na uongo mmoja kuhusu mafuriko. Andika ukweli: mwezi, mwaka, kimo cha maji, na ulichofanya baadaye. Ikiwa umeinua kizingiti, umechimba mtaro au umejenga ngazi mlangoni, andika pia na uambatishe picha, kwa sababu hayo hupunguza hofu ya kampuni. Huenda moja ikakukatalia mafuriko, nyingine ikakubali kwa ada ya juu, nyingine ikakubali kwa kukutaka ubebe sehemu kubwa zaidi ya hasara ya kwanza, ile ambayo mawakala huiita ekses. Ndiyo maana ni afadhali kumtumia dalali wa bima mwenye leseni, anayeweza kupeleka maombi yako kwa kampuni kadhaa, kuliko wakala wa kampuni moja.

Baada ya ukweli huja thamani, na hapa watu wengi hujipunja wenyewe. Kiasi unachokatia bima jengo si bei ambayo ungeuzia nyumba na kiwanja chake, kwa kuwa kiwanja hakiungui wala hakichukuliwi na maji. Ni gharama ya kuijenga upya leo, pamoja na kuondoa kifusi na ada za wataalamu wa ujenzi. Benki huenda imekata bima kwa kiasi cha deni lako lililobaki, kiasi kinachoilinda benki vizuri na kukuacha wewe wazi. Tuseme kujenga upya nyumba yako kungegharimu shilingi 6,000,000, na hati inasema 4,000,000. Maji yakiharibu kazi ya shilingi 900,000, hutalipwa 900,000 kwa kuwa ni chini ya milioni nne. Kampuni itasema wewe mwenyewe ulijichukulia theluthi moja ya hatari, na itakulipa 600,000, kisha ikatoe ekses. Kanuni hii ya uwiano imo katika karibu hati zote, nayo hutumika kwa vitu vya ndani vilevile. Kwa hiyo tembea chumba kwa chumba na daftari, andika kila kitu na bei ya kukinunua leo, piga picha, na uzihifadhi mahali ambapo maji hayatazifikia. Uliza pia kama utalipwa bei ya kitu kipya au bei iliyopunguzwa kwa umri wa kitu, kwa sababu friji ya miaka minane, ikihesabiwa kwa njia ya pili, huweza kukurudishia fedha kidogo mno. Na uliza kama hati hulipa kodi ya nyumba nyingine wakati yako inakaushwa na kutengenezwa. Mara nyingi hulipa, kwa kikomo cha asilimia fulani ya kiasi kilichokatiwa bima.

Ada italipwa kabla ya ulinzi kuanza. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima, Sura ya 487, kinakataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea malipo, kwa hiyo ahadi ya "nitalipa mwisho wa mwezi" haina nguvu mvua ikianza katikati ya mwezi. Juu ya ada utaona tozo ya mafunzo ya 0.2%, mchango wa 0.25% kwa mfuko wa kufidia wenye bima, na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Hizo ni halali, na ukiona tozo nyingine uliza ni ya nini. Ikiwa moyo wako hautulii na bima ya kawaida kwa sababu za dini, tangu 2011 Kenya imekuwa na takaful, yaani bima ya Kiislamu, ambayo washiriki huchangia mfuko wa pamoja na hasara zikalipwa kutoka humo. Maswali niliyokupa juu ya vyanzo, thamani na ukweli wa fomu ni yale yale huko pia.

Yakitokea tena, Mungu aepushe, zima umeme kwanza, kisha watoe watoto. Toa taarifa kwa kampuni au dalali siku hiyo hiyo, kwa simu na halafu kwa maandishi. Piga picha kabla ya kufagia, mstari wa maji ukutani ndani na nje, ukiwa umeegemeza kanda ya kupimia au hata fimbo inayojulikana urefu wake. Unaruhusiwa, na kwa kweli unatakiwa, kuzuia hasara isiongezeke, kwa hiyo toa maji na uanike kinachoanikika, lakini usitupe kilichoharibika kabla mkadiriaji hajakiona. Mama mmoja wa Bombolulu alinionyesha sakafu safi iliyodekiwa mara tatu. Magodoro manne na zulia vilikuwa vimechukuliwa na mkokoteni wa taka asubuhi ile, na hakuwa na picha hata moja. Nilimwamini kila neno, lakini imani yangu si ushahidi, na alilipwa sehemu ndogo. Kama kampuni itatia shaka kwamba mvua ilikuwa kubwa, Idara ya Hali ya Hewa huweza kutoa kumbukumbu ya mvua ya siku hiyo. Mkadiriaji atakayekuja ameajiriwa na kampuni. Mheshimu, mpe karatasi zake, na ikiwa hasara ni kubwa jua kwamba unaweza kumtafuta wako kwa gharama yako.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 203, inaitaka kampuni ilipe dai ndani ya siku 90 tangu liripotiwe. Kabla ya hundi utaletewa hati ya kukiri kwamba umeridhika na huna dai jingine. Isome polepole. Ukishaitia sahihi, mlango umefungwa, na ukiwa huridhiki, andika kwa nini na urudishe bila sahihi. Malalamiko yasiyotatuliwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, ambayo wengi huiita IRA, na kupeleka lalamiko huko hakukuhitaji wakili.

Nimemweka bibi yako mwisho kwa sababu habari yake inahitaji upole. Nyumba bila ardhi, ambapo ardhi ni ya mtu au ya wakfu na nyumba ni ya aliyeijenga, ni utaratibu mkongwe wa mji huu, na bima haimfungii mlango mwenye nyumba wa namna hiyo. Kinachotakiwa ni awe na maslahi katika mali, yaani nyumba ikiharibika yeye ndiye apate hasara, na bibi bila shaka ndiye atakayepata hasara. Atahitaji kuthibitisha: mapatano ya zamani na mwenye ardhi kama yapo, risiti za kodi ya ardhi, na karatasi za kaunti au za umeme zenye jina lake. Asikatie bima zaidi ya jengo lenyewe, na ajue kwamba akiambiwa ahame na mwenye ardhi, hilo si janga la asili na halitalipwa na mtu.

Kizuizi chake kikubwa huenda kikawa ukuta. Nyumba ya Kiswahili yenye kuta za udongo na boriti ni dhaifu mbele ya maji, na kampuni nyingine zitakataa mafuriko ingawa zitakubali moto. Ikiwa kuta zilikwisha kubadilishwa kuwa za matofali au mawe, kama nyumba nyingi za Majengo zilivyofanyiwa, eleza hivyo kwenye fomu na uambatishe picha za ukuta uliopakwa na ambao haujapakwa plasta. Ikiwa bado ni udongo, ningemshauri akate bima ya moto kwa jengo, maana katika mitaa iliyosongamana hivyo moto wa jirani ndio unaotisha zaidi, na bima ndogo ya vitu vya ndani inayotaja mafuriko. Na kama anapangisha vyumba upande mmoja wa ukumbi, liandikeni hilo kwenye fomu ile ile, pamoja na idadi ya vyumba na kama wapangaji hupikia mkaa ndani.